Mgeni wa Kaskazi na Inkishafi ya Mji wa Lamu

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji wa Lamu methali hii si pambo la mazungumzo wala zoezi la mtihani. Ni bajeti ya mwaka. Mwezi wa Desemba uingiapo, Ulaya ya kaskazini ikazama katika baridi na urefu wa mchana wa London ukashuka chini ya saa 8, watu wenye uwezo hufunga virago wakatafuta jua. Baadhi yao hulipata nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, katika kisiwa ambacho vichochoro vyake ni vyembamba hata punda wawili wenye shehena hupishana kwa taabu. Manahodha, wapagazi, wapishi, wachongaji wa milango, wavuvi na vijana wanaotembeza wageni huuhesabu mwaka wao kwa miezi hiyo mitatu au minne. Msimu ukiharibika, kama ulivyoharibika mwishoni mwa 2011 baada ya wageni kushambuliwa na kutekwa Kiwayu na Manda, au baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata, mwenyeji haponi. Hilo na tulikiri mwanzoni, ili msomaji asidhani kwamba makala haya yamekuja kumfukuza mgeni.

Swali langu ni jingine. Mgeni huyo aliyeikimbia baridi huonyeshwa nini anapofika? Ni nani amwonyeshaye, na kwa maneno ya nani? Naonelea kwamba anaonyeshwa mji bubu. Anapewa kuta, milango, tarehe na machweo ya jua, ilhali Lamu na visiwa vyake ni miongoni mwa sehemu chache za bara letu ambazo mawe yake yamesemeshwa kwa ushairi kwa takriban miaka 200. Naonelea vilevile kwamba lawama ya ububu huo haiwaangukii wenye hoteli kwanza. Inatuangukia sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili, tuliouchukua ushairi wa Lamu na Pate tukaufungia darasani, kisha tukawaachia wengine mji wenyewe.

Kabla ya kuendelea, naomba nitue kidogo kwenye neno. Baadhi ya kamusi humpa mtafsiri neno “kipupwe” kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya. Kipupwe cha pwani yetu ni Juni hadi Agosti hivi, wakati ambapo Mzungu yuko kwao akiota jua lake la kiangazi. Yeye anapotetemeka, sisi tumo katika kaskazi, joto limekaza na upepo unavuma kutoka pande za Arabuni na Bara Hindi. Kwa hiyo atakayeandika kwamba watalii humiminika Lamu wakati wa kipupwe atakuwa amemleta mgeni nusu mwaka nje ya wakati wake. Silitaji jambo hili kwa kupenda kuchokoa makosa. Nalitaja kwa kuwa neno “kaskazi” limebeba historia ambayo neno “kipupwe” hailijui hata kwa harufu.

Mgeni wa kaskazi si kitu kipya Lamu. Kwa karne nyingi upepo huo, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, yakiwa na tende, vitambaa na vyombo vya kaure. Na wenye majahazi hawakuwa na njia ya kurudi kwao hadi upepo ugeuke na kusi kuanza kuvuma mnamo Aprili. Basi walikaa. Wenye nyumba kubwa za mawe waliwatengea sabule, chumba cha wageni kilichojitenga na faragha ya familia, na katika miezi hiyo ya kungoja upepo watu walifanya biashara, wakaoa, wakasomeshana, wakajifunza Kiswahili. Mgeni wa siku hizi hutua kwa ndege katika uwanja wa Manda, akavuka kwa mashua kwa dakika chache, na baada ya siku 5 au 7 yumo njiani kurudi. Hangoji upepo wowote. Wala simlaumu, maana likizo ya mwajiriwa ni fupi popote ulimwenguni. Nasema tu kwamba ufupi huo wa muda unatudai tuchague kwa makini zaidi la kumwambia, kwa kuwa hana miezi minne ya kulidaka mwenyewe barazani.

Na vya kuonyeshwa vipo. Ipo ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela ambamo watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na washirika wao wa Mombasa. Ngome hiyo ikageuzwa gereza tangu 1910 hadi 1984, na sasa ni mahali pa makumbusho. Ipo nyumba ya posta ya Wajerumani, ukumbusho wa miaka michache kati ya 1888 na 1891. Upo Msikiti wa Riyadha unaohusishwa na Habib Swaleh, na maulidi yake yanayowakusanya watu kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Upo msikiti wa Shela wa 1829 wenye mnara wa mviringo, na ng’ambo, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa ambayo wenyeji wake waliyahama katika karne ya 17. Mnamo 1986 mji mkongwe uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Haya yote vijana wanaotembeza wageni huyasema vizuri, kwa Kiingereza, kwa Kiitaliano, kwa Kifaransa, na baadhi yao kwa Kijerumani cha kubahatisha. Nimewasikiliza mara kadhaa, na ninaamini kwamba wanastahili malipo bora kuliko wanayoyapata.

Taabu huanza mtu anapoingia nyumbani.

Nyumba ya mawe ya Lamu hukaribisha kwa hatua. Nje kuna daka lenye mabaraza ya kukalia, ambapo mwenyeji huwapokea watu asiokusudia kuwaingiza ndani. Hufuata tekani, ukumbi mdogo unaomgeuza anayeingia ili jicho lake lisipige moja kwa moja hadi ndani. Kisha kiwanda, uwanja usiofunikwa, ambapo jua na mvua huingia. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, na baadaye ndani, chumba cha wenye nyumba, penye ukuta uliojaa zidaka, yaani vidaka vilivyonakshiwa kwa chokaa ambamo ziliwekwa sahani za kaure na vyombo vya thamani. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita 3 tu, kwa kuwa dari ya mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuuhimili uzito huo zikizidi urefu huo. Usam Ghaidan aliyaeleza haya kwa kina katika kitabu chake cha 1975 kuhusu mji wa Lamu, na vitabu vingi vya mwongozo vilivyofuata vimekula katika sahani yake.

Sasa mgeni amesimama mbele ya zidaka. Anaambiwa kwamba ni za kuwekea vyombo. Anapiga picha, anatoka. Haambiwi kwamba ukuta wa namna hiyohiyo, katika mji jirani wa Pate, ulitazamwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, akauona umekufa, akatunga Al-Inkishafi. Pate ilikuwa dola iliyojaa mali na madaraka, kisha ikadhoofishwa na vita na fitina hadi fahari yake ikawa magofu. Mshairi anauzungusha moyo wake katika majumba ya matajiri waliopita. Anauonyesha vyumba vilivyoangikwa popo, kumbi zilizoachiwa wadudu walie usiku kucha, na zile zidaka za sahani zilizogeuka malazi ya makinda ya ndege. Hata msana anautaja kwa jina lake, kama autajavyo mtembezaji wa leo. Kisha anauuliza moyo: wako wapi waliokaa humu?

Msomaji atanielewa nikisema kwamba Al-Inkishafi, pamoja na kuwa mawaidha, ni matembezi ya magofu. Ni ziara ya mahali pa kale iliyotungwa kwa Kiswahili, na mtu aliyejua majina ya vyumba, zamani sana kabla ya kijana yeyote kuvaa kitambulisho cha kuongoza watalii. Tofauti ni kwamba mtalii huzuru ili afurahi, naye mshairi alizuru ili ashtuke. Sidhani kwamba tofauti hiyo inatosha kuwatenga. Binadamu aliyesafiri maili elfu kadhaa kuja kutazama ukuta wa kale tayari ana swali moyoni kuhusu walioujenga na walikokwenda, hata kama yeye mwenyewe analiita burudani.

Na si Al-Inkishafi peke yake. Juu ya baadhi ya vichochoro vya Mkomani mgeni huonyeshwa wikio, chumba kilichojengwa kama daraja kuunganisha nyumba mbili. Huambiwa kwamba kilisaidia kupata nafasi zaidi, jambo ambalo ni kweli. Lakini nyumba hizo za mawe, kwa desturi ya wenye mali wa Lamu, zilikuwa zikitolewa kwa mabinti waolewapo, na wikio ulimwezesha mama kumfikia bintiye bila kushuka njiani. Utendi wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya bintiye, ulikaa katika vyumba vya namna hii. Ulinakiliwa humo na kuhifadhiwa kwa moyo humo, na wanawake kwa sehemu kubwa. Ukimsimamisha mgeni chini ya wikio ukamweleza kwamba mawaidha ya mama kwa binti yalipita juu ya kichwa chake, utakuwa umemwambia jambo asilolipata katika ngome yoyote ya Ulaya. Anaweza hata asikubaliane na mawaidha yenyewe. Wengi wetu darasani hatukubaliani nayo, na mjadala wake haujaisha.

Katika safari moja nilifuatana kwa mbali na kundi dogo la wageni hadi wakamaliza mzunguko wao, kisha nikamwendea kijana aliyewaongoza. Tulipokwisha kuamkuana nikamwuliza kama aijua Inkishafi. Akacheka, akaegemea ukuta, akanighania beti tatu kwa moyo, kwa mahadhi aliyofunzwa na bibi yake. Nikamwuliza kwa nini hakuwaghania wale wageni. “Hawakuuliza, ndugu yangu,” akanijibu. “Na walionifunza kazi hii hawakuniambia kwamba hayo nayo ni kazi.” Kisha akaniuliza, kwa adabu lakini kwa ncha, kama sisi wa chuo kikuu huwa tunaighani au twaisoma tu. Nilimwambia ukweli: tunaisoma, tena kwa kalamu mkononi, tukipigia mistari maneno magumu.

Jibu la kijana yule limenikaa. Elimu anayo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba elimu hiyo ina bei sawa na tarehe ya kujengwa kwa ngome.

Kuna jambo jingine ambalo Al-Inkishafi ingetusaidia kuliona kama tungeiruhusu itembee nje ya darasa. Katika shairi, nyumba zimeharibika kwa kuwa wenyewe wamekufa. Katika sehemu za Lamu ya leo, na hasa Shela, mambo yamegeuka kinyume: nyumba zimepona, chokaa inang’aa, milango imetiwa mafuta, zidaka zimewashwa taa ndogo za kupendeza, lakini wenyewe wamehama. Nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni waliozipenda walipokuja kukimbia baridi, nazo huwa hai wakati wa kaskazi na kufungwa kusi ianzapo, zikiachiwa mlinzi na paka. Sitaki kulitolea jambo hili hukumu nyepesi. Nyumba ya mawe hula pesa. Chokaa ya matumbawe na boriti za mikoko si rahisi kupatikana, na marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 ilipogusa hata mikoko, mafundi na wakataji wa Lamu waliumia. Aidha, mzee afapo nyumba yake hurithiwa na watu wengi kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, na warithi 9 hawawezi kuigawa msana na kiwanda; hugawana bei. Aliyeuza ameuza kwa sababu. Mgeni naye, mara nyingi, ameiokoa nyumba ambayo ingeporomoka.

Hata hivyo, swali la Sayyid Abdalla linabaki vilevile, nalo linauma zaidi panapokuwa na taa. Wako wapi waliokaa humu? Tofauti ni kwamba leo jibu linajulikana: wako Langoni, wako katika makazi mapya nje ya mji mkongwe, wako Mombasa. Mji ambao wenyeji wake huingia asubuhi kufanya kazi katika nyumba za babu zao, kisha wakatoka jioni, unahitaji mshairi wake, na sioni kwamba mhandisi wa hifadhi peke yake anaweza kuuandika.

Naam, nayajua mapingamizi. La kwanza husema kwamba mtalii hajui Kiswahili, hivyo ushairi wa Kiamu utamsaidia nini? Pingamizi hili limechakaa. Utendi wa Mwana Kupona ulitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934. Al-Inkishafi ikatolewa na Hichens huyohuyo mwaka 1939, na James de Vere Allen akaitafsiri tena mwaka 1977. Tafsiri si tatizo. Isitoshe, anayedhani kwamba mgeni wa Desemba ni Mzungu tu hajapata kutafuta chumba Shela wakati wa mwaka mpya. Wakenya wa bara hujaa huko, hasa vijana wa Nairobi wenye kazi nzuri, ambao walifanya Kiswahili katika shule ya upili na wengine hata wakakipenda. Hawa nao huongozwa kwa Kiingereza. Katika nyumba moja ya maonyesho niliyoingia mjini humo nilihesabu vibao vya maelezo nikakuta vyote, isipokuwa kimoja, ni vya Kiingereza. Na kile kimoja cha Kiswahili kilikuwa kikiwakataza watu kugusa. Mkenya hupewa Kiswahili pale anapoonywa, na Kiingereza pale anapofundishwa.

Pingamizi la pili ni zito, nami silichukulii kwa wepesi. Nimelisikia kwa mzee mmoja wa Mkomani aliyenikaribisha darini kwake akanipa kahawa. “Mwanangu,” aliniambia, “Inkishafi ni toba. Mtu huisoma alie. Wataka kuifanya ngoma ya watalii?” Alikuwa na haki. Shairi linaloikemea dunia na mapambo yake likigeuzwa kuwa pambo la kuuzia vyumba vya kulala, litakuwa limetukanwa. Nimekwisha kuona methali na majina ya kale yakiandikwa kwenye mito ya viti na leso za mezani bila mtu kujali maana yake, na sitamani kuuona moyo wa Sayyid Abdalla ukifika huko.

Lakini nilimjibu mzee kwa heshima kwamba dawa ya matumizi mabaya haiwezi kuwa kimya, kwa sababu kimya hakiuachi mji mtupu. Hujazwa na maneno ya watu wengine. Lamu ya vipeperushi ni “paradiso iliyosahauliwa na wakati”. Imesahauliwa na nani? Mji uliokuwa na madrasa, waandishi, mafundi wa majahazi na mabishano ya kishairi yaliyoweza kudumu miezi haukusahauliwa na wakati, ulikuwa na shughuli zake. Maulidi ya Lamu hutupa mfano wa njia ya kati. Wageni hufika, hukaa pembeni, hutazama mbio za punda na mashua, nao hupewa kuelewa kwamba kiini cha sherehe si chao, kwamba wameruhusiwa kuwapo. Ushairi nao unaweza kuwekwa hivyo: mgeni aambiwe kwamba haya ni maombi ya mtu, aambiwe maana yake, anyamaze kidogo. Mzee alitikisa kichwa. Hakusema amekubali, wala hakunikataza. Alinijazia kikombe.

Sasa nitugeukie sisi wenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Kakamega, Meru au Kisii hukutana na Kiamu kama lugha ya kigeni. Hili lina historia yake: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliipendelea Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaueneza usanifu huo katika shule za Afrika Mashariki. Lahaja iliyobeba sehemu kubwa ya ushairi wetu wa kale ikawa maneno ya mwisho wa kitabu. Hivyo tunafundishwa kwamba nti ni nchi, mato ni macho, yuu ni juu, ndia ni njia, na nusu ya kipindi inaishia hapo kabla moyo wa shairi haujaguswa. Ilhali ukisimama katika soko la Lamu saa tatu asubuhi, maneno hayo yanauziwa samaki. Mtoto wa miaka mitano anayatumia kumwita mwenzake. Saa moja sokoni humfunza mwanafunzi kwamba Al-Inkishafi haikuandikwa kwa lugha ya mizimu.

Kuna kinaya kinachonisumbua zaidi. Nimemsema mgeni wa kaskazi ajaye kupiga picha, lakini yuko mgeni wa aina nyingine ambaye amekuja na kusoma. Sambo ya Kiwandeo, tungo ya Ahmed Sheikh Nabhany inayohifadhi istilahi za kuunda jahazi la Lamu, ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Mashairi ya Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa Lamu aliyezaliwa mwaka 1952, yalikusanywa, yakatafsiriwa na kutolewa kitabu mwaka 2023, tena na wasomi wanaofundisha katika vyuo vikuu vya Ulaya, wakishirikiana naye. Nawashukuru kwa dhati; bila wao rafu zetu zingekuwa tupu zaidi. Lakini mtu hutoka Bayreuth, penye theluji, akafika Lamu, akakaa barazani akamsikiliza mshairi, na sisi tulioko Nairobi, tunaoweza kufika kwa basi siku moja hadi mbili, tunamsoma mshairi huyohuyo kupitia kitabu kilichopigwa chapa Ulaya. Nabhany alifariki mwaka 2017. Ni wangapi miongoni mwa wanachama wa chama chetu waliowahi kumsikia akisema?

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo linalowezekana. Chama chetu na kitengeneze kijitabu cha Kiswahili cha matembezi ya Lamu, chenye vituo 10 hivi: daka, tekani, zidaka, wikio, ngome, gati la majahazi na vinginevyo, na kila kituo kiambatane na ubeti mmoja au miwili ya mshairi wa visiwa hivyo, wa kale au wa leo, pamoja na maelezo mafupi na tafsiri. Beti za walio hai ziombwe kwa wenyewe, nao walipwe. Mahadhi yarekodiwe kwa sauti za watu wa Lamu, akiwamo yule kijana ikiwa atakubali. Kijitabu kikikamilika, wakabidhiwe kwanza vijana wanaotembeza wageni, wakikosoe na kukirekebisha, kwa kuwa wao ndio watakaokitumia kinywani. Wenye hoteli wakikitaka, wakinunue. Vibao vya maelezo vije baadaye. Hivyo vina wizara na bajeti, na vitachelewa.

Kazi hiyo haifanyiki maktabani, na wala haitoshi kuishia Lamu. Anayetaka kuandika juu ya Al-Inkishafi sharti afike Pate. Watalii wachache hufika huko, kwa kuwa hakuna starehe iliyoandaliwa. Kuna kijiji, kuna mashamba ya tumbaku, na kuna kuta zilizosimama katikati yake. Wakati mzuri ni Januari au Februari, bahari ikiwa tulivu, yaani wakati uleule wa mgeni wa Ulaya. Tutalala kwa wenyeji au katika shule, si Shela. Mashua za Pate hupitia Mkanda, mfereji ulio kati ya Manda na bara, na hupita maji yakiwa yamejaa tu. Yakitoka, abiria husubiri matopeni pamoja na nahodha. Hivyo tarehe ya safari haiwezi kupangwa kwa kalenda ya muhula peke yake. Naiomba kamati imtafute nahodha kwanza, imwulize bamvua ya Januari itaangukia siku gani, kisha ndipo iende kuomba basi.